Kuhara Hupita Mikononi

Mtoto mmoja alianza kutapika usiku. Asubuhi akaharisha maji matupu. Bibi yake akasema, "Anaota meno huyu. Ataacha tu."

Mama akamtawaza mtoto. Akafuta mikono kwenye kanga, kisha akaenda kusonga ugali. Siku ya tatu kaka yake wa miaka minne akaharisha pia. Je, naye alikuwa anaota meno?

Sivyo. Watoto wengi huharishwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Aina moja huitwa virusi vya rota. Hivi huwashika zaidi watoto wadogo.

Virusi hivi hukaa kwa wingi katika kinyesi cha mgonjwa. Kutoka kwenye kinyesi huingia mikononi. Kutoka mikononi huingia katika chakula na vyombo. Mwisho huingia mdomoni mwa mtu mwingine. Kinyesi kidogo kilichobaki chini ya kucha kinatosha kuambukiza. Hata mtoto akipona, virusi huendelea kutoka kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kinyesi cha mtoto mchanga ni cha hatari kama cha mtu mzima.

Tufanye nini?

1. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya kwenda chooni na baada ya kumtawaza mtoto. Tunawe pia kabla ya kupika, kula na kulisha.
2. Tusinawe wote katika bakuli moja. Mmoja amimine maji, mwingine anawe.
3. Kinyesi cha mtoto tukitupe chooni.
4. Tuwapeleke watoto wachanga kliniki. Chanjo ya rota ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013. Ni dawa ya matone mdomoni. Lakini haizuii kila aina ya kuhara, basi sabuni tusiiache.

Kuhara huua kwa kukausha maji mwilini. Endelea kumnyonyesha mgonjwa. Mpe dawa ya chumvichumvi. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji safi ya kuchanganyia. Akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, mpeleke zahanati mara moja.

Mama yule alikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Watoto wote wawili walipona. Sasa sabuni yake inakaa karibu na choo.

Maswali

1. Virusi vilitokaje kwa mtoto wa kwanza hadi kwa kaka yake?
2. Kwa nini kufuta mikono kwenye kanga hakutoshi?
3. Nyumbani kwako sabuni inakaa wapi?