PANYA WA GHALANI NA NGURUWE WA SHAMBANI

Shimanzi, katika kisiwa cha Mombasa, ni mahali pa maghala, karibu na bandari ya Kilindini. Na penye nafaka hapakosi panya. Mwenye ghala huhesabu hasara yake kwa magunia yaliyotobolewa. Lakini iko hasara nyingine isiyohesabika ghalani, nayo humpata mfugaji wa nguruwe aliye mbali. Kwani mahindi na pumba, kabla ya kufika horini, hukaa kwanza ghalani, liwe ghala kubwa la bandarini au kibanda kilicho nyuma ya nyumba.

Viko virusi vinavyoharibu moyo na ubongo wa wanyama, na panya ndiye mchukuzi wake mkuu. Katika Afrika ya Mashariki vilijulikana mapema. Mwaka 1948 wataalamu wa Entebbe, Uganda, walieleza habari za virusi vilivyotoka kwa kima aliyepooza miguu huko Mengo, wakaviita kwa jina la mahali hapo. Baadaye ilionekana kwamba ni vya namna moja na virusi vilivyopatikana Florida, Marekani, mwaka 1945. Mwaka 1958, katika nchi ya Panama, viliua nguruwe.

Njia ya ugonjwa ni rahisi. Panya huweza kuwa na virusi bila kuonekana mgonjwa. Hunya na kukojoa juu ya chakula, naye nguruwe hukila. Au nguruwe hula mzoga wa panya. Watoto wa nguruwe hufa ghafla, moyo ukishindwa kazi, na majike huharibu mimba. Dawa ya kuuponya haipo.

Hata hivyo si kila kifo cha ghafla ni kazi ya panya. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza mwaka 1921 kutokana na uchunguzi wake katika Kenya, huletwa na ngiri na papasi, tena huenezwa kwa nyama na makombo. Kwa hiyo mfugaji asibahatishe, wala asiuze nyama ya mnyama aliyekufa. Na amwite daktari wa mifugo upesi.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta.
2. Pumba itiwe katika pipa la bati lenye kifuniko.
3. Matundu yazibwe, hata yaliyo madogo kama kidole gumba.
4. Makombo yaondolewe horini kabla ya usiku.
5. Mitego itegwe, panya aliyekufa asiguswe kwa mkono mtupu, bali azikwe au achomwe, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Panya jike huzaa baada ya majuma matatu hivi ya mimba. Basi anayengoja mwezi mmoja atakuta kundi zima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.