Saratani ya Damu na Ngazi za Hisani: Nani Aamue?

Barua iliyoifikia safu hii kutoka kata ya Engutoto, jijini Arusha, imeandikwa na mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 41, ambaye kwa miaka mitatu sasa anaishi na saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mailoidi, ambayo wagonjwa na wauguzi huitaja kwa kifupi CML, na ambaye humeza kidonge cha imatinibu kila siku baada ya kifungua kinywa. Usharika wake umepanga zoezi la hisani ambamo washiriki watapanda kwa miguu ngazi za jengo moja refu la katikati ya jiji, ghorofa kumi na mbili, kila mmoja akiwa na kadi yake ya michango, ili fedha zitakazopatikana zisaidie matibabu ya watoto wenye saratani. Mwalimu huyo anataka kupanda. Mumewe amekataa katakata, dada yake mkubwa amelia, na mzee mmoja wa kanisa anayeijua hali yake ameshauri apande ghorofa mbili tu, kisha ushuhuda wake usomwe mbele ya watu wote. Anauliza iwapo apande, na iwapo yupo mwenye haki ya kumzuia. Pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, ameongeza swali kuhusu Mlima Meru, ambalo litajibiwa mwishoni.

Hofu ya mume haiwezi kupimwa kwa haki bila kwanza kujua ni ugonjwa gani anaouogopa, kwa kuwa jina la saratani ya damu hukusanya magonjwa yasiyofanana: lukemia, inayoanzia katika uboho, yaani ile tishu laini iliyo ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa, limfoma, inayoshika tezi za limfu, na mailoma, inayotokana na chembe zinazotengeneza kingamwili na ambayo mara nyingi huidhoofisha mifupa kiasi kwamba hatua mbaya moja kwenye ngazi yaweza kuvunja mfupa. CML ina historia yake. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia nchini Marekani, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa hao, na mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana nafasi. Muungano huo huzaa kimeng'enya kinachoamrisha uboho uendelee kutoa chembe nyeupe bila kikomo, na imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2001, hukaa kwenye kimeng'enya hicho kama kijiti kilichokwama kwenye tundu la kufuli, hata amri ile isitoke tena. Kabla ya dawa hiyo wengi waliishi miaka michache tu tangu kugunduliwa. Leo mgonjwa ambaye ugonjwa wake unaitika dawa vizuri, na ambaye haruki dozi, aweza kutarajia maisha yenye urefu unaokaribia ule wa rika lake. Nchini Tanzania dawa hii imewafikia wagonjwa wengi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mpango wa msaada unaoendeshwa na shirika la Max Foundation. Yawezekana kabisa kwamba mume na dada wanaiogopa CML ya miaka ya nyuma, na hilo si kosa lao, kwa maana mara nyingi mgonjwa huingia peke yake kwa daktari na maelezo hubaki huko huko.

Hata hivyo, kuishi muda mrefu na ugonjwa si kibali cha kupanda ghorofa kumi na mbili siku yoyote ile. Kinachoamua ni damu ilivyo wiki hiyo, nayo husomwa katika karatasi ya kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho hufanyika hata katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Mwalimu anashauriwa apime ndani ya wiki mbili kabla ya zoezi, asitegemee karatasi ya miezi mitatu iliyopita, kisha akae na daktari wake na kuipitia mistari yake mitatu.

Mstari wa kwanza ni wa hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu na inayobeba oksijeni. Kiwango cha chini cha kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito ni gramu 12 kwa desilita kwa wanaoishi usawa wa bahari, lakini Arusha ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, ambako mwili hutarajiwa kuwa na hemoglobini zaidi kidogo ili kufidia wepesi wa hewa, na kwa hiyo mwenye 12 kamili hapa tayari yuko upande wa upungufu mdogo wa damu. Upungufu mdogo haumzuii mtu kupanda polepole; ukishuka chini ya 8, mazoezi mazito kwa kawaida huahirishwa. Mstari wa pili ni wa chembe sahani, zinazogandisha damu pale mtu anapojikata au kujigonga, ambazo kawaida yake ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita. Imatinibu yenyewe huweza kuzishusha, na zikiwa chini ya 50,000, kujikwaa kwenye kona ya ngazi ya zege ni jambo la hatari, si la kupakwa dawa ya michubuko na kusahauliwa. Mstari wa tatu ni wa chembe nyeupe, hasa zile ziitwazo nyutrofili zinazopambana na bakteria, kwa kuwa zikipungua sana, msongamano wa watu wanaohema kwenye ngazi nyembamba huwa mahali pabaya pa kuwapo, na homa inayofika nyuzi 38 humpeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Zaidi ya karatasi, daktari aliguse tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, ilipo bandama. Ikiwa imevimba, pigo au anguko laweza kuipasua, na hapo jibu la safu hii ni kwamba asipande.

Mistari hiyo ikiwa mizuri na bandama ikiwa ya kawaida, mwalimu apande. Jibu hili halitolewi ili kumpendeza, kwani zoezi la kiasi humsaidia mtu anayeishi na saratani dhidi ya uchovu, ambao ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa ya wanaotumia imatinibu. Lakini ngazi hazifanani na barabara tambarare. Kwenye tambarare mwili husogezwa mbele, ilhali kwenye ngazi uzito wote huinuliwa katika kila hatua, na moyo huanza kwenda mbio kabla ya ghorofa ya tatu hata kwa mtu mzima wa afya. Upungufu wa damu uliojificha katika shughuli za darasani hujitokeza hapo waziwazi. Imatinibu nayo huleta kukakamaa kwa misuli, hasa ya miguu, na anayekamatwa na mkakamao katikati ya ngazi bila kushika reli aweza kuanguka. Kwa hiyo maandalizi yaanze wiki sita kabla, kwa ghorofa mbili mara tatu kwa wiki, na kuongeza ghorofa moja kila wiki ikiwa tu ile ya awali haikumwacha hoi hadi kesho yake. Kipimo rahisi cha mwendo ni mazungumzo: anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi yuko salama, na asiyeweza apunguze mwendo au asimame.

Siku yenyewe kidonge kimezwe kama kawaida, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kwani kuruka dozi ili tumbo liwe jepesi ni kubadilisha matibabu kwa ajili ya sherehe, na kuruka dozi mara kwa mara ni njia mojawapo inayoupa ugonjwa huu nafasi ya kurudi. Juisi ya balungi iachwe, kwa sababu hubadilisha kiwango cha imatinibu katika damu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kirahisi katika maduka ya dawa kwa ajili ya maumivu ya magoti, zisimezwe bila idhini ya daktari, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Kushuka kufanyike kwa lifti. Umeme ukikatika, apumzike kwanza juu, kisha ashuke taratibu mkono ukiwa kwenye reli, maana wengi huanguka wanaposhuka wakiwa na miguu iliyochoka.

Kuhusu haki ya kuzuia, msimamo wa safu hii ni kwamba mume anayo haki ya kuelezwa, na haki hiyo mwalimu hajamtimizia kama inavyostahili, lakini hana haki ya kuuamulia mwili wa mkewe ambaye ni mtu mzima mwenye akili timamu. Aende naye kliniki, asikie kwa daktari maana ya kila mstari, na aulize maswali yake yote hapo hapo. Kisha wawili hao wakubaliane mapema juu ya dalili zinazomaliza zoezi: maumivu ya kifua, kizunguzungu, giza machoni, damu puani, au mapigo ya moyo yasiyotulia baada ya dakika chache za kukaa. Mume asimame ghorofa ya sita na chupa ya maji, na dalili mojawapo ikionekana, neno lake liwe la mwisho, bila mabishano ya ngazini. Mamlaka ya namna hiyo, yenye mpaka na sababu, mke aweza kuyakubali bila kuona amenyang'anywa maisha yake. Dada mkubwa naye aambiwe yale yale, kwa upole anaostahili, na kabla ya siku yenyewe.

Ushauri wa mzee wa kanisa haukubaliki, hata kama nia yake ni njema. Habari za ugonjwa ni mali ya mgonjwa, na hazisomwi hadharani kwa sababu tu zitaongeza sadaka. Mwalimu akitaka kusema, aseme mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua na siku aliyoichagua. Akinyamaza, kadi yake ya michango haipungui thamani. Katika jiji la Seattle, Marekani, watu hupanda ghorofa 69 za jengo la Columbia Center, zenye ngazi 1,311, kuchangia mapambano dhidi ya saratani za damu, na kwetu huku mgodi wa dhahabu wa Geita pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS) wamekuwa wakiendesha upandaji wa Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI tangu mwaka 2002. Mchangiaji hujaza kadi kwa sababu ya anayemjua na jambo analolijali, na akiambiwa mshiriki wake aliishia ghorofa ya saba, hadai arudishiwe fedha. Usharika ungefanya jambo kubwa zaidi kama ungewaalika siku hiyo watumishi wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa kuwa watoto wenye saratani huhitaji damu mara kwa mara wakati wa matibabu. Mwalimu mwenyewe hawezi kuchangia damu. Mumewe, akiwa na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, anaweza, na kila baada ya miezi mitatu anaweza tena.

Lililobaki ni swali la pembeni mwa karatasi. Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, na njia yake kutoka lango la Momella ina ngazi za mbao zinazochosha kati ya kibanda cha Miriakamba, kilicho mita 2,500 hivi, na kibanda cha Saddle kwenye mita 3,570 hivi, kabla ya usiku wa baridi wa kuelekea kileleni, ambako shinikizo la hewa ni chini ya asilimia 60 ya lile la pwani na hospitali iko mbali sana. Kilele asikipange mwaka huu. Vipimo vya PCR, vinavyoonyesha ni kiasi gani cha vinasaba vya ugonjwa kimebaki katika damu, vikiendelea kuwa vizuri, na daktari akiridhia, aweza kufikiria kwenda Miriakamba, kulala hapo na kurudi asubuhi, pamoja na mumewe na askari wa hifadhi mwenye bunduki, ambaye kila kundi la wapandaji huongozana naye kwa ajili ya nyati.