Uhaba wa Anwani za Intaneti: Haki na Wajibu wa Mtumiaji

Kila kifaa kinachounganishwa na intaneti huhitaji anwani, yaani namba inayowezesha taarifa kukifikia, kama vile barua inavyohitaji sanduku la posta. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa mashirika ya kanda mwezi Februari 2011. Kwa Afrika, mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Mwezi Januari 2020 ilianza kutoa anwani zisizozidi 1,024 kwa kila ombi.

Uhaba huu unakugusaje?

Watoa huduma wengi huwaweka wateja wengi chini ya anwani moja. Utaratibu huo ni halali, na kusoma habari au kutuma ujumbe hakuathiriki sana. Hata hivyo, mteja mmoja akifanya uhalifu, tovuti inaweza kuifungia anwani nzima, na wasio na hatia wakazuiwa pamoja naye. Anwani pekee, basi, haitoshi kumtambulisha aliyetenda kosa. Vilevile, kamera ya nyumbani huwa vigumu kuifikia moja kwa moja ukiwa mbali.

Ufumbuzi wa kudumu ni mfumo mpya, IPv6, wenye anwani za kutosha kila kifaa kupata yake. Kwa kuwa mifumo hii miwili haiwasiliani moja kwa moja, itaendelea kutumika sambamba katika kipindi cha mpito.

Tunakushauri ufanye yafuatayo:

1. Kabla ya kununua ruta au kamera, hakikisha kuwa inatumia IPv6.

2. Muulize mtoa huduma wako iwapo anatoa IPv6, na umwombe akuwashie.

3. Biashara yako ikihitaji anwani ya kudumu, ulizia gharama yake kabla ya kutia saini mkataba.

4. IPv6 ikiwashwa, hakikisha ukuta wa kinga wa ruta unafanya kazi, kisha ubadilishe nywila iliyokuja nayo.

5. Tovuti ikikuzuia bila sababu, hifadhi picha ya ujumbe huo, tarehe na saa kamili, kisha umwarifu mtoa huduma.

Usiporidhika na majibu yake, tuletee malalamiko yako kwa maandishi, pamoja na vielelezo hivyo. Ni haki yako kuelezwa huduma unayoilipia.