KIOO NA MACHO YAKO



Nyumba nyingi za Singida zina kioo kidogo cha kujitazamia. Tunakitumia kuchana nywele na kunyoa ndevu. Leo tujifunze jinsi kioo kinavyofanya kazi, na jinsi kinavyoweza kutusaidia kuokoa macho.

Kioo bapa

Tunaona kitu kwa sababu mwanga unaotoka kwenye kitu hicho huingia machoni mwetu. Mwanga ukigonga ukuta wa udongo hutawanyika ovyo. Ukigonga kioo, hurudishwa kwa mpangilio, kama mpira unavyodunda sakafuni. Hata maji ya Ziwa Singidani yakitulia hufanya hivyo. Ndiyo maana tunaona mawe na mawingu ndani yake.

Sura iliyomo ndani ya kioo huitwa taswira. Katika kioo bapa, taswira ina ukubwa sawa na uso wako. Huonekana nyuma ya kioo, kwa umbali ule ule uliopo mbele. Ukishika kioo sentimeta 20 kutoka usoni, taswira iko sentimeta 40 kutoka machoni mwako.

Vioo vilivyopinda

Chukua kijiko kinachong'aa. Tazama upande wa ndani, uliobonyea. Utajiona mdogo, kichwa chini. Sasa tazama mgongo wa kijiko. Utajiona mdogo, lakini wima. Vioo vingi vya pembeni mwa mabasi vimebinuka hivyo. Dereva huona eneo kubwa, lakini gari la nyuma huonekana liko mbali kuliko lilivyo.

Kioo kilichobonyea kidogo, kikiwekwa karibu na uso, hukuza sura. Vioo vingine vya kunyolea ni vya namna hii. Usikiache juani, kwani hukusanya mwanga na kinaweza kuunguza. Wala usitazame jua ndani ya kioo chochote.

Kagua kope zako

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewasumbua watu wa Singida na jirani zao wa Dodoma kwa miaka mingi. Vijidudu vyake husambazwa na nzi, mikono na vitambaa vichafu. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, hupata makovu ndani ya kifuniko cha jicho. Miaka ikipita, kifuniko hujikunja na nywele za kope hugeukia ndani. Kila akipepesa, zinakwaruza kioo cha jicho. Kioo hicho kikijaa makovu, mwanga haupiti, na mtu hupofuka. Kioo cha ukutani kikivunjika utanunua kingine. Kioo cha jicho hakiuzwi dukani.

Fanya hivi:

1. Nawa mikono. Simama mlangoni, mwanga ukuangaze usoni.
2. Shika kioo na utazame mbele.
3. Angalia kope za juu, jicho moja moja. Je, kuna unywele unaogusa jicho?

Wazee wengi hawaoni vizuri vitu vya karibu. Mama au baba mzee akaguliwe na mtu mwingine.

Ukiona unywele unaogusa jicho, au jicho likichoma kama lina mchanga, nenda kituo cha afya. Usiung'oe mwenyewe. Ukikatika, kisiki chake hukwaruza zaidi. Mganga aliyefundishwa anaweza kurekebisha kifuniko kwa upasuaji mdogo.

Kinga ni bora

Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watoto wenye nyuso safi kila mara hawakupata sana vikope vikali. Basi nawisha watoto uso kila siku. Maji ni haba, lakini kibuyu chirizi hutumia maji kidogo tu. Kila mtu awe na kitambaa chake. Tumieni choo, nzi wapungue. Dawa ikigawiwa kijijini, wote waitumie.

Maswali

1. Ukishika kioo bapa sentimeta 30 kutoka usoni, taswira iko umbali gani kutoka machoni mwako?
2. Kwa nini tusing'oe kope wenyewe?
3. Nyumbani kwako, nani hajakaguliwa macho? Mkague leo.