Mafuta yakivuja ardhini, picha ya mashine haitoshi: pima maji pia

Ukichota maji kisimani ukasikia harufu ya petroli, usingoje kuumwa ndipo utafute ushauri. Mafuta yanayovuja kutoka kwa tangi au bomba lililozikwa huweza kutambaa ardhini kwa muda mrefu bila mtu kujua. Wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni, wanaelewa hatari hiyo tangu mwaka wa 2015, mafuta ya bomba la Mombasa–Nairobi yalipovuja na kuchafua mto wao.

Kinachotutia hofu zaidi sisi madaktari ni benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli. Mtu akiinywa au kuivuta kwa muda mrefu, huharibu uboho wa mifupa, huleta upungufu wa damu na huweza kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho ni kidogo mno, pua haiwezi kukigundua.

Je, wataalamu hujuaje mafuta yamefika wapi? Zamani walichimba mashimo machache na kupeleka sampuli maabara. Kati ya shimo na shimo walikisia tu. Katika miaka ya 1990, Marekani ilianza kutumia kifaa bora: chuma chembamba kinachodidimizwa ardhini, chenye kidirisha kigumu ubavuni. Mwanga wa leza hupita hapo, na mafuta yakimulikwa hung'aa. Mashine iliyo juu hurekodi mng'ao huo kina baada ya kina, papo hapo. Siku hizi vipo pia vyenye kamera ndogo, na vingine hupasha udongo joto ili mvuke wake upimwe.

Hata hivyo, mwanga huo huonyesha mafuta yenyewe yaliyo katikati ya chembe za udongo. Benzini iliyoyeyuka majini hauioni. Ni sawa na eksrei: huonyesha mfupa uliovunjika, lakini haionyeshi malaria iliyo katika damu. Kwa hivyo, hata ukiambiwa shamba lako liko nje ya ramani ya uchafuzi, dai maji ya kisima yapimwe.

Iwapo unashuku kisima chako:

- Acha kunywa, kupikia na kuogea maji hayo.
- Usiyachemshe. Benzini hutoka na mvuke, nanyi mtaivuta humo jikoni. Dawa ya kuua viini pia haiiondoi.
- Usiwashe moto wala sigara karibu na kisima.
- Mjulishe afisa wa afya ya umma na NEMA. Omba maji yapimwe benzini, si viini pekee.
- Mtu akichoka kupita kiasi, akitokwa na damu ovyo au homa ikimrudia kila mara, mpeleke hospitalini apimwe damu. Mweleze daktari habari za maji hayo, kwani bila kuambiwa huenda asifikirie kisima.