Chama Kikikunyima Kibali

Haya wadogo zangu, swali la leo nimeshaulizwa kwa sura nyingi: “Dada, tuna wadhamini, tuna uwanja, chama kimekataa. Tuendelee?” Kabla sijajibu, nikusimulieni kisa cha Icederby.

Hii ni kampuni ya Korea iliyotaka kuleta mbio mpya za kuteleza kwenye barafu. Mchezo huo una watu wa aina mbili. Wa njia fupi huzunguka uwanja wa mita 111 hivi, wote kwa pamoja, wakibanana kwenye kona. Wa njia ndefu huenda wawili wawili kwenye mita 400, kila mmoja akipambana na saa. Icederby ikabuni njia ya mita 220 ili wote wakutane. Mimi tiketi ningekata!

Mashindano ya kwanza yalipangwa kufanyika Dubai mwaka 2014. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, likasema halitayaidhinisha. Wazo la awali la Icederby lilikuwa na kubeti ndani yake, na hofu ya ISU kuhusu hilo siibezi hata kidogo, maana kubeti kumeharibu michezo mingi. Ila tazama adhabu iliyokuwa kwenye kanuni za ISU: mwanamichezo akishiriki mbio zisizo na kibali, anaweza kufungiwa maisha. Maana yake hakuna tena ubingwa wa dunia wala Olimpiki.

Basi waandaaji wakahangaika kupata wachezaji, na Dubai ikafutwa. Kitisho peke yake kilitosha.

Ndiyo maana nasema, mdogo wangu, uwanja na zawadi si vya kwanza. Wewe mwandaaji ukishindwa, utapoteza pesa. Binti uliyemshawishi atapoteza miaka ya mazoezi, na miguu ya kushindana haidumu. Muulize kabisa anaogopa nini, na umwambie utamfanyia nini wakimfungia. Kama huna jibu, usimsainishe chochote.

Tukirudi kwenye kisa, waliopeleka malalamiko Tume ya Ulaya kuhusu kanuni hizo za ISU walikuwa Waholanzi wawili: Mark Tuitert, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2010, na Niels Kerstholt wa njia fupi. Walishika sheria ya ushindani. ISU huandaa mashindano yake na kupata pesa kutokana nayo, halafu ndiyo hiyo hiyo inayoamua nani mwingine aruhusiwe. Ni kama mwenye duka kukabidhiwa leseni za mtaa mzima.

Desemba 2017 Tume ikawapa haki. ISU ikakata rufaa, na tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaitupa. Chama kinaweza kudai kibali, lakini vigezo viwe wazi, visibague, na adhabu ilingane na kosa. Hata utaratibu wa kuwalazimisha wachezaji wapeleke mgogoro kwenye usuluhishi wa michezo huko Lausanne, Uswisi, uliguswa, kwa kuwa uliwazibia njia ya mahakama zinazosimamia sheria ya Ulaya.

Hesabu mwenyewe: malalamiko ya 2014, hukumu ya mwisho 2023. Dubai ilishapita zamani. Na hukumu hiyo ni ya Ulaya. Ukiwa Dodoma au Nakuru usiende kuipunga mezani kwa katibu wa chama kana kwamba inamfunga. Tafuta mwanasheria akusomee sheria za kwenu.

Kwa hiyo anza kwa barua. Omba kibali kwa maandishi, ulizia vigezo, ada na siku ya kujibiwa, na ukikataliwa omba sababu zilizosainiwa. Kama kuna kubeti kwenye mpango wako, sema mapema ulivyojipanga, wasije wakakukamatia hapo. Barua itangulie mabango, tafadhali, na nakala yake wachezaji wako waione.