Seva ya akiba iwekwe wapi?

SWALI: Kampuni yetu ya chai ina seva ya barua pepe hapa Tukuyu. Tunataka ya akiba tuiweke Mbeya mjini. Inatosha?

JIBU: Kwa moto au wizi, inatosha. Kwa tetemeko, sina imani nayo: Mbeya iko kilometa 70 hivi tu, nanyi nyote mko kwenye Bonde la Ufa, na Mlima Rungwe ni volkano. Ningeiweka Dodoma au Dar es Salaam. Kuitegemea ya ng'ambo peke yake nako ni hatari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchini.

Barua zinazoingia zisiwatishe sana. Seva ya mtumaji isipowapata hujaribu tena, mara nyingi kwa siku nne au tano. Kinachoniumiza ni zilizokwishafika: oda ya mnunuzi wa chai iliyosomwa asubuhi, radi ikapiga mchana, diski ikaungua. Nakilini kila saa, na nakala moja ikae nje ya mtandao kabisa.

Halafu chagueni Jumamosi moja, mchomoe waya wa seva ya Tukuyu, mhesabu dakika hadi barua ya kwanza isomeke kwenye ile ya akiba.